Jioni ya Ishirini na Tisa

Nairobi, 6 Machi

Kwa Ami yangu mpenzi, Bwana Kamaludin,

Assalaam alaikum warahmatullah. Nakubusu mkono kwa mbali. Natumai saumu inakwenda vizuri, wewe na mkeo Bi Tima, na kwamba Bi Tima hajakuachia ukaingia jikoni kuonja sambusa kabla ya magharibi kwa kisingizio cha kutazama chumvi. Mimi mzima, alhamdulillahi. Futari nala kazini, tende tatu na chai ya kikombe cha karatasi, na wenzangu wameshazoea kuniona naitazama saa kuliko kompyuta.

Nina habari. Ile miaka mitano ya kuandika ajali za barabarani na vikao vya kaunti imekwisha. Gazeti limenipa ukurasa wangu mwenyewe, kila Jumatano, wa mambo ya anga na sayansi. Jina langu juu, picha yangu pembeni. Mhariri wangu, Bwana Wanyama, hakuutaka. Alisema wasomaji wanataka siasa na mpira. Nikampelekea makala ya wanafunzi waliotengeneza setilaiti ndogo inayoenea kwenye sanduku la viatu, barua za wasomaji zikamiminika, akaniachia ukurasa.

Wa kulaumiwa ni wewe, Ami. Baba alipokufa ndiwe uliyenipandisha darini ukanionyesha nyota za mabaharia. Wenzangu walifundishwa kupika biriani, mimi nilifundishwa kuitafuta Kilimia angani, na biriani yangu mpaka leo unaijua.

Sasa kuna jambo nataka ulisikie kwangu kwanza. Makala ya tarehe 18 ni ya mwandamo wa mwezi. Siku hiyo ni Jumatano, ishirini na tisa Ramadhani. Nimepiga hesabu ya Amu hasa, kisiwani kwetu, si ya Nairobi, nikampelekea mwalimu mmoja wa falaki wa chuo kikuu, akaikuta sawa. Jioni hiyo mwezi utazama kama robo saa kabla ya jua. Hautakuwapo wa kuonekana, hata kwa darubini, na nitaandika hivyo. Najua ni wewe unayepanda kuutazama, na mtaa mzima husubiri neno lako. Ndiyo maana nakwambia mapema.

Simu najua huitaki, kwa hivyo barua hii nimempa Khairiya wa duka la vitambaa, anakuja huko kwa basi.

Mwanao,
Razan


Amu, 23 Ramadhani

Mwanangu Razan,

Waalaikum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Barua yako imefika na imetukuta wazima. Sambusa sijaonja, huo ni uzushi wa Bi Tima, na ninyi wawili mna ulimi mmoja.

Ukurasa wako nimewaonyesha watu wote wa baraza, mpaka siku hizi wakiniona naja na gazeti wanakumbuka shughuli zao. Nimefurahi sana. Nasema wazi nimefurahi, kwa sababu babako angefurahi na hayupo wa kusema.

Lakini la mwezi umenichekesha. Wewe uko huko chini ya moshi, hata nyota moja huioni, unaniambia mimi mwezi wa Amu uko wapi? Miaka thelathini na moja napanda, tangu baba yangu Idarus alipoacha. Sijazusha mwezi hata mara moja. Kuna miaka nilishuka nikasema sikuuona, watu wakafunga thelathini na kuninunia mpaka magharibi, na sikujali. Wewe andika hesabu zako. Sisi tutatazama.

Kazi si haba. Nachonga milango mikubwa tu sasa. Nakshi ndogo ndogo nimeziacha, wanunuzi wa siku hizi hawajui uzuri.

Bi Tima anakusalimu sana. Anauliza kama utaolewa na mtu au utaolewa na setilaiti.

Ami yako,
Kamaludin


Amu, Mfunguo Mosi 5

Razan,

Assalaam alaikum. Hali sikuulizi. Mtu aliyefanya ulilolifanya wewe lazima awe na nguvu zake.

Gazeti lilishuka na ndege Jumatano mchana. Kufika alasiri makala yako ilikuwa inasomwa barazani kwa sauti, na wewe uliandika maneno haya: atakayesema ameuona mwezi Amu leo, atakuwa ameona kitu kingine. Watu wote wakanigeukia. Mmoja akaniuliza, "Yeo utapanda, Bwana Kamaludin, au mwana wa nduguyo keshakupandia?" Wakacheka, na mimi nikawaacha wacheke.

Nikapanda juu ya dari la Bwana Shuaib kama kila mwaka, maana ndilo refu mtaani kwetu. Jua likazama. Nikauona. Mwembamba, umepinda, uko upande uleule ninaoujua. Nikamnyoshea Shuaib kidole, naye akasema ameuona. Mashahidi wawili, Waislamu, watu wazima. Mtaa wetu ukasali Idi Alhamisi. Mitaa mingine ikafunga, ikasali Ijumaa. Mji mmoja, huku watu wanakata halua na kule watu wana njaa, na wenye njaa walikuwa na gazeti lako mkononi wakitupungia.

Nimekulea tangu una miaka minne. Mimi ndiye niliyekufunga viatu siku ya kwanza ya chuo cha Kurani. Katika umri wangu wote hakuna aliyeniita mwongo, na wa kwanza amekuwa wewe, tena kwenye karatasi inayouzwa mpaka Kisumu.

Nataka ufute. Jumatano ya kwanza ya Aprili, ukurasa huohuo, uandike kwamba hesabu zilikosea. Usipofuta, usikanyage nyumba yangu.

Kamaludin bin Idarus


Nairobi, 30 Machi

Ami,

Assalaam alaikum. Nakubusu mkono, hata kama utaurudisha nyuma. Natumai wewe na Bi Tima mko salama. Mimi mzima, na nguvu ninazo kama ulivyosema. Nimezipata kwako.

Sifuti.

Nimeliandika peke yake ulione vizuri. Ningekosea ningefuta. Mapema mwezi huu nilikosea uzito wa chombo kimoja cha anga, nikaomba radhi mbele ya wasomaji wote, na sikufa. Hili sikukosea. Nikilifuta kwa sababu wewe ni ami yangu, Jumatano ya pili nitafuta jingine kwa sababu mtu fulani ni rafiki wa mwenye gazeti, na baada ya hapo sitakuwa na kazi tena, nitakuwa na umbea.

Wala sikukuita mwongo. Niliandika kabla hujapanda, na mwongo ni mtu anayejua. Mimi nilisema utakachokiona kitakuwa kitu kingine. Sikusema hutaona kitu.

Na nyumba usinitishe nayo. Nusu ya nyumba hiyo ni ya baba yangu. Nikija nitakanyaga nusu yangu, nawe utakaa kwenye yako, na Bi Tima atapita katikati na sinia ya chai.

Kuna jambo hulijui. Wanyama amefurahi kupita kiasi. Anataka makala ya pili: jina lako, picha yako, na kichwa cha habari cha kuwacheka wazee wa Lamu na mwezi wao wa kubuni. Nimemkatalia. Nimemwambia mimi naandika habari za mbingu, siandiki kumvua mtu nguo. Akasema ninakulinda kwa sababu ni damu yangu. Kwa hivyo Amu nimekusaliti na Nairobi ninakuficha. Mnaonaje mkae kitako, wewe na Wanyama, mkaamua nimefanya lipi?

La mwisho, na hili nimelifikiria sana kabla ya kuliandika. Herufi zako, Ami, zimekuwa kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Mistari inapandana. Barua zako za nilipokuwa bwenini ninazo hapa, herufi ndogo zimekaa sawasawa, kila moja na nukta zake. Na nakshi umeziacha, unasema wanunuzi hawajui uzuri. Tangu lini wewe ukamsikiliza mnunuzi? Nenda ukaangaliwe macho. Nakuomba, na kama kuomba hakutoshi, nakulazimisha.

Kama hunisadiki mimi, basi, usinisadiki. Barua yako umeitia tarehe ya Mfunguo Mosi 5, siku ya tano tangu mfungue. Kwangu siku ile ilikuwa 4. Endelea na hesabu yako hivyohivyo. Thelathini yako itakuwa Ijumaa, tarehe 17 Aprili. Mwezi hauna siku ya thelathini na moja, hili ulinifundisha wewe. Jioni hiyo, mbingu ikiwa safi, mwezi lazima uwe juu, mnene, hata mtoto auone. Panda ukautazame. Hapo hutakuwa unashindana na mimi.

Mwanao,
Razan


Nairobi, 13 Aprili

Ami,

Assalaam alaikum. Natumai mu wazima. Wiki mbili hujanijibu. Khairiya ameniambia barua alikupa mkononi, ukaitia mfukoni ukamuuliza bei ya mapazia.

Nakuarifu tu. Wanyama ameniondolea ukurasa. Unajua amenipa nini badala yake? Ile safu ya nyota za wiki. Mwenye Simba atapata safari, mwenye Ng'e ajihadhari na jirani, mwenye Mizani mapenzi yatamjia kutoka mashariki. Mimi, Ami! Nikamuuliza kama anafanya mzaha. Akasema, "Si nyota ni hizohizo?" Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, halafu kicheko kikaisha na machozi yakabaki.

Nimeandika barua ya kuacha kazi. Mistari miwili, na wa pili ni wa kushukuru. Redio moja ndogo ya Mombasa imekubali nisome habari za anga dakika kumi kila wiki. Malipo ni ya kuchekesha. Nitakula wali na mchicha na nitaendelea. Mtu akitaka niache kazi hii aje na hesabu kali kuliko zangu, asije na cheo.

Sikuandikii unihurumie. Inaniuma kukosa barua yako, nasema kama ilivyo, inaniuma kuliko ukurasa. Lakini sifuti.

Ijumaa ndiyo thelathini yako. Sitakuuliza umeona nini.

Mwanao bado,
Razan


Amu, Mfunguo Pili 7. Hii ni hesabu yako. Kwa yangu ingekuwa nane.

Mwanangu Razan,

Waalaikum salaam warahmatullah. Sisi wazima, nawe tunakuombea uzima. Anayeandika ni Bi Tima, mimi nasema. Nimemwambia asitie maneno yake na yeye ameniambia nisimfundishe kazi.

Ile Ijumaa ya thelathini nilipanda. Si mimi peke yangu. Maneno yalikuwa yametembea, na madari yote ya mtaa yalijaa watu. Mvua ilikuwa imenyesha mchana ikaacha mbingu nyeupe, hapana wingu hata la kufunika kiganja. Jua likazama. Nikangoja. Nikamuuliza Shuaib, akasema bado. Nikawauliza wa dari la pili, bado. Tukasimama pale mpaka watu wakaanza kushuka mmoja mmoja bila kunitazama, na mwezi haukuwapo. Siku ya thelathini, Razan. Hesabu yangu mwenyewe ndiyo iliyonishika shati.

Siku ya pili yake uliandama. Bi Tima akanionyesha. Nikatazama, nikaona miezi mitatu, mmoja juu ya mwingine.

Basi nikwambie nisilomwambia mtu. Macho haya yana miaka miwili yananichezea. Nakshi niliziacha kwa sababu patasi iliniingia kwenye kidole gumba mara tatu katika wiki moja. Nilinyamaza. Nikisema sioni, nani atapanda? Na mimi nisipopanda, ni nani mimi? Hilo ndilo nililoliogopa, si upofu. Jioni ile ya ishirini na tisa kulikuwa na Zuhura chini kabisa, ndiyo nyota pekee iliyotoka mapema. Nilikwenda juu na kicheko cha baraza masikioni. Nilitaka mwezi uwepo. Jicho likaichukua Zuhura likaivuta likaipinda, na mimi nikaamini.

Nilimwendea Shuaib dukani kwake. Nikamwambia, "Shuaib, jioni ile wewe waliona nini?" Akainama, akashika kilemba chake, akasema, "Naliona kidole chako." Kumbe miaka yote hiyo tulikuwa shahidi mmoja. Aliona haya kusema hauoni mwezi alioonyeshwa na mimi.

Jana baada ya sala ya Ijumaa nikasimama. Nikawaambia, "Ile jioni ya ishirini na tisa sikuuona mwezi. Naliona Zuhura, na mato yangu ni mabovu. Aliyekula kwa neno langu, neno langu lalikuwa kosa." Nilidhani watanipiga. Afadhali wangenipiga. Mmoja akapaza sauti kwamba nimenunuliwa na gazeti. Mwingine akasema namfunika mwana wa ndugu yangu asifukuzwe kazi, na hata hajui kwamba kazi umeshaiacha. Miaka thelathini na moja wameniamini, na siku niliyosema lililoniuma kulisema, hawakuamini hata neno. Imamu akasema anayetaka kutuliza moyo wake alipe siku moja. Shuaib alikuwa safu ya mbele. Alipoulizwa akasema yeye aliuona na anashikilia hapohapo. Salamu yangu haiitikii tena.

Barazani kwangu hakai mtu. Wakae kwao. Limekuwa pana, nanyosha miguu.

Daktari ameniambia ni mtoto wa jicho, anatolewa, na kwamba ningekwenda mapema ningekuwa nachonga mpaka leo. Nikamwambia hilo nimeshaambiwa na mkubwa wake wa Nairobi. Nitapasuliwa mwezi ujao, jicho la kulia kwanza.

Sasa nisikilize. Ile makala uliyomkatalia Wanyama, mimi nakuamuru uiandike. Si ya kunicheka wala ya kunipamba. Utaje jina langu lote na la baba yangu, jicho langu, na Zuhura, na siku ya thelathini. Shuaib usimtaje, aibu aliyo nayo inamtosha. Uisome redioni, na siku hiyo nitaiweka redio barazani sauti ya juu kabisa. Atakayekasirika aje akae, nafasi ipo.

Wala usidhani nimekubali kwamba mwezi utazamwe kwenye karatasi. Nikishapona nitapanda, na nitakaloliona nitalisema, liwe na wewe au liwe kinyume chako. Hukunikosea lolote, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Njoo. Hasira bado ninazo, lakini hazienei kwenye barua.

Ami yako,
Kamaludin

Razan, kuanzia hapa ni mimi mwenyewe. Yeye amekwenda kusali alasiri, na barua ameniachia niifunge.

Jioni ile ya ishirini na tisa nilikuwa juu ya dari letu naanua nguo. Macho yangu mazima, natia uzi kwenye sindano bila miwani. Nilitazama palepale walipotazama wao, nikasimama na kapu la nguo mpaka kiza kikaingia. Nyota moja ilikuwa inang'aa. Mwezi hapakuwa. Niliposhuka takbiri zilikuwa zimeshaanza na watu wanapongezana huko chini ndiani.

Hakuna aliyeniuliza. Si mwaka huu tu. Miaka yote thelathini na moja, yeye akipanda kwa Shuaib, mimi hupanda hapa, na sijaulizwa hata mara moja. Siku ile niliyokula nao nimeshailipa. Nimeichanganya na zile funga za sita za Mfunguo Mosi, na ami yako alidhani ni sita tu.

Ukiiandika habari yake, na yangu iandike. Jina ni Tima binti Uthman.